Kuacha fegi ukiwa Tabora: anza na daftari

Mara ya kwanza niliacha sigara kwa hasira. Nilikunjakunja pakiti mbele ya mama watoto, nikaitupa chooni pamoja na kiberiti cha gesi, nikatangaza kwamba basi. Kesho yake jioni nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kibanda cha chipsi pale Isevya, namwomba fegi kijana ambaye ningeweza kumzaa. Mara ya pili niliacha kwa nadhiri, mwezi wa Ramadhani, nikarudia siku ya Idi kabla hata pilau haijaiva. Mara ya tatu kifua kilinibana, kilipoachia, nikawasha. Mara ya nne niliacha kwa daftari la shule la kurasa 40, na hiyo ndiyo iliyoshika. Huu ni mwaka wa sita.

Nilichojifunza ni kwamba fegi ina ratiba. Ina saa zake, viti vyake na watu wake. Watu wanakuambia "huna moyo wewe", nawe unaamini, unaenda kupambana nayo kifua mbele bila kujua itakujia saa ngapi na kwa mlango upi. Ndiyo maana unapigwa.

Niseme mapema pia kwamba sikuja kumtukana mkulima wa tumbaku. Nimezaliwa Urambo, sare zangu za shule zilitoka kwenye bani la baba, yaani banda la kukaushia tumbaku, na harufu ya jani linalokauka niliijua kabla sijaijua sigara. Hapo ndipo ugumu wa huku kwetu ulipo. Ukikataa fegi, mzee anakuuliza kwa utani kama umeanza kudharau kazi iliyokulea. Jiandae na jibu. Mimi huwa nasema, "Baba alikuwa anaiuza, hakuniambia niinunue."

Hatua ya 1: Vuta kama kawaida siku saba, lakini andika

Usipunguze chochote wiki hii. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni, na kila fegi kabla hujaiwasha andika saa, mahali, ulikuwa na nani, na kwa nini. Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi:

Saa 12:10 asubuhi. Nimekaa kitandani, sijanawa. Mwili unadai.
Saa 1:30. Kijiweni, kahawa. Wote wamewasha.
Saa 3:15. Gereji. Mteja kanipigia kelele kwa sababu ya kabureta.
Saa 4. Namsubiri dogo aliyefuata spea. Sina cha kufanya.
Saa 7:40 mchana. Baada ya ugali.
Saa 7:55. Sijui kwa nini.

Siku hiyo zilifika 14. Nilipozipitia usiku, za mwili hasa zilikuwa tatu: ya alfajiri, ya adhuhuri na ya jioni nikitoka kazini. Nyingine zote zilikuwa za kiti, za mtu, za kusubiri. Hiyo "sijui kwa nini" ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Nilikuwa nalipia kitu ambacho sikumbuki nilikitaka.

Hii ina maelezo yake. Nikotini ya moshi hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache. Baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshapungua kwenye damu, na mwili unaanza kubisha hodi. Hiyo ni arosto ya kweli. Ila miaka inavyokwenda ubongo umeshafunga kamba kati ya fegi na kikombe cha kahawa, kati ya fegi na hasira, kati ya fegi na benchi fulani. Kamba hiyo inavutwa hata kama nikotini imekujaa mwilini. Dawa inasaidia arosto, lakini kamba unaifungua mwenyewe, moja moja, na huwezi kufungua usiyoiona.

Piga na hesabu ya pesa hapohapo kwenye daftari. Weka bei ya dukani kwako. Mimi natumia shilingi 200 kwa fegi moja ili hesabu iwe nyepesi. Fegi 14 ni 2,800 kwa siku. Kwa mwezi 84,000. Kwa mwaka 1,022,000. Kununua moja moja ndiko kunakotuficha, maana hakuna siku uliyotoa milioni mkononi.

Hatua ya 2: Chagua siku, na uache yote kwa mpigo

Weka tarehe ndani ya wiki mbili. Kwa mkulima isiwe wakati masoko ya tumbaku yamefunguliwa na malipo yameingia, kwa sababu kipindi hicho kila mtu ananunulia mwenzake, na usiku ni wa baa. Kwa fundi kama mimi isiwe wiki ya kodi ya nyumba.

Wengi hupenda kupunguza taratibu: leo kumi, kesho nane. Baadhi inawasaidia. Lakini waliojipangia siku na kukata mara moja huwa wanafaulu kidogo zaidi, na sababu yake naielewa kwa uzoefu: ukipunguza, zinazobaki zinakuwa tamu kuliko zamani. Unazisubiri kama mshahara.

Kwa Waislamu Ramadhani ni nafasi nzuri, maana tangu daku hadi futari umeshapita karibu saa 13 bila moshi na hukufa. Kosa langu lilikuwa kufuturu kwa fegi. Nilikuwa nafunga mchana na kulipa deni usiku, halafu nikashangaa Idi ilivyonirudisha.

Hatua ya 3: Safisha njia

Usiku wa kuamkia siku hiyo toa vyote: pakiti, vipisi kwenye kopo, kiberiti cha mfukoni. Kiberiti cha jiko mwachie mama jikoni. Fua koti. Fua na pazia, hasa kama ulikuwa unavutia dirishani. Mimi nilisahau kofia ya kazi, na siku ya pili nilijikuta nimeishika puani kama mtu anayenusa shati la marehemu.

Na usimtume mtoto dukani akuletee, hata "ya mwisho". Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, ingawa sote tunajua vitoto vinavyotumwa. Mtoto anayenunua fegi ya baba anajifunza njia ya kwenda na kurudi.

Hatua ya 4: Waambie wachache, uwaombe kitu mahususi

Nilipotangaza kwa wote nilipata mashabiki na wapiga debe. Walikaa kusubiri nianguke. Mara ya nne niliwaambia watu watatu tu. Mke wangu nilimwomba asiniulize kila jioni "umevuta?" wala asininuse, badala yake nikiwa mkali aniambie nikatembee, na asichukulie kwamba nimemkasirikia yeye. Mdogo wangu wa gereji nilimwomba asiwashe mbele yangu kwa wiki tatu. Wa tatu alikuwa mzee mmoja wa Ng'ambo aliyeacha zamani, huyo nilimwomba ruhusa ya kumpigia simu saa yoyote. Nilimpigia mara mbili. Mara ya pili alizungumzia mizinga yake ya nyuki nusu saa nzima, na sigara haikutajwa. Nilipokata simu hamu ilikuwa imeshapita.

Kwa wake, dada na mama wanaosoma hapa: kumwita mtu mchafu mbele ya watoto hakujawahi kumwachisha. Kunamfundisha kujificha, na fegi ya kujificha ndiyo huwa ya mwisho kuachwa.

Hatua ya 5: Usikatae msaada wa dawa

Kati ya watu 100 wanaoacha kienyeji, bila dawa wala ushauri, ni kama watatu hadi watano tu wanaofikisha miezi sita au mwaka bila kuvuta. Hivyo ukianguka huna laana yoyote, uko na wenzako wengi. Ushauri wa mhudumu wa afya huongeza nafasi, hata ukiwa wa dakika chache. Bigijii na plasta za nikotini huiongeza kwa karibu nusu yake tena. Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Usitegemee kuzikuta kila duka la dawa. Ulizia famasi kubwa za mjini.

Ukipata bigijii, usiitafune kama ya mtoto. Itafune polepole mpaka usikie ukali, ibane kati ya shavu na fizi, ladha ikiisha uitafune tena. Usinywe kahawa wala soda robo saa kabla, kwa sababu uchachu unazuia nikotini kupita mdomoni. Kama fegi yako ya kwanza ni ndani ya nusu saa tangu kuamka, wewe ni mtu wa dozi kubwa, mwambie mfamasia hivyo. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au kijana mdogo aanzie kwa daktari.

Kuna jambo ambalo mimi sikuambiwa. Moshi wa sigara hufanya ini kuvunja baadhi ya dawa haraka kuliko kawaida, na ukiacha, dawa zinakaa mwilini kwa wingi. Anayetumia aminofilini ya pumu au dawa za afya ya akili amjulishe daktari wake tarehe ya kuacha. Anayejichoma insulini naye, maana sukari inaweza kuhitaji kuangaliwa upya. Kahawa iko kwenye kundi hilohilo. Siku zile za mwanzo moyo ulinienda mbio, mikono ikatetemeka, nikasema arosto imekuwa kali. Kumbe nilikuwa nakunywa vikombe vyangu vinne vilevile na mwili haukuwa ukivimaliza kama zamani. Punguza kahawa nusu tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 6: Siku tatu, halafu wiki tatu

Siku ya pili na ya tatu ndizo zenye kichaa. Hasira, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, kichwa kizito, kazi haiendi. Niliufunga mnyororo wa pikipiki ya mtu kinyume na nikamlaumu yeye. Baada ya hapo inashuka, na ndani ya wiki mbili hadi nne sehemu kubwa ya arosto imekwisha.

Hamu yenyewe ikija haikai. Chukua simu, angalia saa. Mimi nilipima: dakika tatu, tano, mara chache kufika kumi. Inapanda kama maji ya uji, halafu inashuka hata usipoigusa. Kazi yako ni kuwa na shughuli ya dakika hizo. Kunywa maji taratibu. Tembea mpaka kona na kurudi. Weka kitu mdomoni na kitu mkononi, vyote viwili, kwa sababu mkono nao ulikuwa na kazi na sasa hauna. Karanga za kumenya zinafaa kuliko zilizomenywa kwa sababu hiyo. Muwa. Muhogo mbichi. Kijiti cha mswaki. Msimu wa maembe una bahati yake, huwezi kula embe la Tabora na kushika sigara kwa mkono huohuo. Nilikuwa pia na kichupa cha asali, nachovya kijiti nalamba. Wateja walicheka.

Utanenepa kidogo. Wastani ni kilo nne au tano kwa mwaka, na kilo hizo hazifiki popote ukilinganisha na madhara ya moshi. Choo kinaweza kugoma wiki za mwanzo: papai, maji, kutembea. Kikohozi nacho kinaweza kuongezeka kwa muda, kifua kinajisafisha. Lakini ukikohoa wiki mbili au zaidi, au ukaona damu, unapungua uzito, unatoka jasho usiku, acha kujipa moyo kwamba ni "kusafika". Nenda kituo cha afya au hospitali ya Kitete ukapime makohozi. Sigara huongeza hatari ya kifua kikuu, na matibabu yake hapa nchini ni bure.

Nyuma ya daftari niliandika mambo haya, nikawa nayasoma badala ya kuvuta:

Dakika 20 baada ya fegi ya mwisho, mapigo ya moyo na presha vinaanza kushuka.
Saa 12, ile hewa ya sumu ya moshi iliyokuwa imekaa kwenye damu imerudi kiwango cha kawaida.
Miezi kati ya mmoja na tisa, kukohoa na kukosa pumzi kunapungua.
Mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo imeshuka kama nusu.
Miaka kumi, hatari ya saratani ya mapafu ni kama nusu ya anayeendelea kuvuta.

Hatua ya 7: Hama kiti

Hapa ndipo daftari linapolipa. Angalia viti vyako na ubadilishe kimoja kimoja. Fegi ya kitandani niliiua kwa kuamka na kwenda moja kwa moja kisimani kabla sijakaa popote. Ya baada ya ugali niliiua kwa kuosha sahani yangu mwenyewe, jambo lililomshtua mama mkwe alipotutembelea. Kijiwe cha kahawa sikukiacha, ningekuwa nimepoteza watu wangu. Nilihama saa tu. Nilikwenda baada ya Magharibi ambapo wengi ni wazee wa msikitini wasiovuta, na nikakaa upande upepo unakotoka.

Baa, mwezi mmoja wa mwanzo, kaa nayo mbali. Bia ya pili inakusahaulisha ulichokiandika.

Msiba

Nimeupa kichwa chake kwa sababu ndio uliowarudisha wengi ninaowajua. Ni saa nane usiku, wanaume wako nje wanakesha, magogo yanawaka, kuna karata kwenye mkeka na baridi ya Juni. Pakiti inazunguka kama sinia la kahawa. Hakuna anayekulazimisha. Mkono wako unaenda wenyewe, kwa sababu kukataa kunaonekana kama kujitenga na wafiwa. Hali hiyo nusura inizike mwezi wa tatu tangu niache, kwenye msiba wa shangazi yangu. Nilishaishika. Ilikuwa bado haijawashwa.

Kilichoniokoa ni kwamba mjomba aliita mtu wa kushika daftari la rambirambi. Niliinuka mimi. Tangu siku hiyo kila msiba naomba kazi mapema: kuandika michango, kuchota maji, kwenda kufuata turubai, kuchochea moto upande wa jikoni. Mwenye kazi hapewi fegi, anapewa chai.

Kwa anayelima au kufanya kazi kwenye tumbaku

Jani bichi lenye umande au mvua linapitisha nikotini kwenye ngozi. Vijana wanaochuma asubuhi wakaja kutapika, kichwa kikizunguka, wanaambiwa ni njaa au ni uchovu. Ni nikotini. Kwa anayejaribu kuacha ni balaa zaidi, kwa sababu mwili unaojaribu kuisahau unapewa tena kupitia viganja. Ngoja umande ukauke kama inawezekana, vaa mikono mirefu na glavu, usibebe mzigo wa majani ukigusa mgongo mtupu, nawa kwa sabuni kabla ya kula, badilisha nguo ukifika nyumbani. Ukiona kutapika hakuishi au pumzi inakata, ni hospitali.

Na msokoto wa karatasi ya daftari wenye jani la shambani hauna unafuu wowote kwa sababu ni "wa asili". Kinachoungua ni kilekile. Vivyo hivyo na sigara zinazoitwa nyepesi: utavuta kwa nguvu zaidi mpaka mwili upate kiasi chake.

Ugoro

Wiki ya pili bibi yangu alinionea huruma akanipa kikopo chake. "Chukua mjukuu wangu, huu hauna moshi." Kweli hauna. Una nikotini tele, na tumbaku ya kunusa au ya kuweka chini ya mdomo ina saratani zake. Niliupokea kwa mikono miwili kwa heshima, nikampigia magoti, nikauacha dirishani kwake nilipokuwa naaga.

Ukiteleza

Fegi moja ni kuteleza. Pakiti ni kurudi. Kati ya hizo mbili kuna saa chache ambazo utajiambia "nimeshaharibu, bora nimalizie". Katika saa hizo toa daftari uandike kama wiki ya kwanza: saa, mahali, nani, kwa nini. Tupa zilizobaki. Usisubiri Jumatatu wala mwezi mpya, anza upya hapohapo uliposimama.

Mimi niliteleza mara moja ndani ya ile mara ya nne. Iko ukurasa wa 23: "Saa 10 usiku. Stesheni, nasubiri treni ya Kigoma iliyochelewa. Peke yangu. Baridi, sina cha kufanya." Safari iliyofuata nilibeba karanga kilo moja, zenye maganda.